Uzi: Neno "MAONI" juu ya makala mtandaoni linamsaidia msomaji, au ni mwavuli wa mhariri tu?

#1 Kalamu ya Risasi

Wanajamvi, za jioni.

Kuna jambo limenikaa kooni muda mrefu, leo nimeona niliteme. Ni lile neno dogo linalobandikwa juu ya makala: MAONI. Wengine huandika UCHAMBUZI, wengine MTAZAMO. Nauliza kama linamfanya msomaji aliamini gazeti zaidi, au linasubiri tu siku ya mvua ili mhariri ajifunike.

Nilikuwa dawati la mtandao la gazeti moja. Silitaji, bado nina watu wangu pale. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: saa 4 usiku kurasa za gazeti la kesho zikishafungwa, mimi na kijana mwenzangu tunazibeba habari moja moja, tunazifupishia vichwa vikae kwenye simu, tunazipandisha. Habari 40 mpaka 50 kwa usiku mmoja. Ikifika saa 7 macho yameshakuwa mekundu.

Usiku mmoja ikaja makala ya mwandishi wetu wa safu. Kichwa chake: "Halmashauri isamehe ushuru wa mama lishe". Nikaona kama mtu kakosea kuchapa. Nikasahihisha: "Halmashauri yasamehe ushuru wa mama lishe". Nikapandisha, nikaenda kulala.

Mmeona nilichofanya? Kiswahili kina lebo yake ndani ya kitenzi. "Isamehe" kuna mtu anaomba. "Yasamehe" jambo limeshatokea. Ingekuwa kitenzi kama "kufuta", mwisho nao ungebadilika, "ifute" na "yafuta", labda jicho lingeshtuka. Lakini "samehe", "ruhusu", "jibu", hivi vya kutoka Kiarabu, mkia haubadiliki. Kila kitu kinaning'inia pale mwanzoni, na pale mwanzoni ndipo nilipopitisha wembe.

Kwenye mfumo wetu kulikuwa na kisanduku cha aina ya habari, na mwandishi wa watu alishachagua "Maoni". Ukifungua kwa kompyuta neno lilitokea juu, kijivu, herufi ndogo. Ukifungua kwa simu halikutokea. WhatsApp ndiyo kabisa: kichwa, picha, jina la gazeti, basi.

Asubuhi saa 3 mapokezi wakaniunganishia simu. Mama anauza supu na chapati karibu na stendi. Mkusanya ushuru kaja na mashine yake ya risiti, mama kamnyooshea simu: gazeti limesema mmesamehe. Meza za jirani zikaunga mkono, wakagoma wote. Mchana wakaja mgambo, wakaondoka na benchi mbili na sufuria, supu ikiwa ndani. Maneno yake ninayo mpaka leo: "Mwanangu, mimi sikusoma maoni ya mtu. Nimesoma gazeti."

Kwenye kikao cha wahariri, kauli ya kwanza kuwekwa mezani ilikuwa: lakini lebo si ilikuwepo?

Sufuria lilirudi baada ya siku 4, bila mfuniko. Naendelea chini, msinikatize kwanza.

#2 Kalamu ya Risasi

Zamani lebo ilikuwa mahali. Ukifungua gazeti ukakuta ukurasa una tahariri kwenye kisanduku, katuni pembeni, picha ya mwandishi wa safu kaegemeza kidevu mkononi, barua za wasomaji chini, hakuna haja ya kuambiwa kwamba hapa watu wanasema yao. Ukurasa wenyewe ulikuwa unaongea.

Wamarekani walikuwa na neno "op-ed", na watu wengi hudhani ni kifupi cha maoni na tahariri. Sivyo. Maana yake ni ukurasa unaotazamana na ule wa tahariri. New York Times walianza ukurasa wa namna hiyo Septemba 1970, kwa ajili ya watu wa nje ya gazeti. Aprili 2021 mhariri wao wa maoni, Kathleen Kingsbury, akatangaza neno hilo linastaafu na makala za watu wa nje zitaitwa "Guest Essay", yaani insha ya mgeni. Sababu yake ilikuwa rahisi: kwenye skrini hakuna ukurasa wa kutazamana na chochote. Msomaji wa simu anadondokea katikati ya makala kama mtu aliyeshushwa na basi usiku mji asioujua.

Lakini kubadili jina la kibao ni jambo moja, na kumfanya mtu akubali kwamba gazeti halihusiki ni jingine. Hao hao New York Times, Juni 2020, walichapisha makala ya seneta Tom Cotton akitaka jeshi litumwe kutuliza ghasia zilizofuata kifo cha George Floyd, Mmarekani mweusi aliyeuawa na polisi. Ilikuwa upande wa maoni, jina la seneta lipo, hakuna aliyefichwa kitu. Waandishi wa gazeti hilo wenyewe wakawaka hadharani, gazeti likakiri makala haikufikia viwango vyake, na siku chache baadaye James Bennet, aliyekuwa mkuu wa kurasa za maoni, akajiuzulu. Mtu unaweza kuwa upande wowote wa ugomvi ule. Ninachokiona mimi ni kwamba wasomaji walisema kile kile alichosema mama wa supu: nimesoma gazeti.

Haya, karibuni.

#3 Ngoja Waje

Nimeweka kigoda. Kwanza pole kwa sufuria. Pili mfuniko alibaki nao nani?

#4 binti_takwimu

Kaka Kalamu, uzi mzuri. Naleta namba kidogo, maana jambo hili limepimwa na watu, ingawa si kwetu.

Taasisi ya utafiti ya Pew ya Marekani mwaka 2018 iliwapa watu wazima 5,035 sentensi za mtindo wa habari, 5 za ukweli unaoweza kuthibitishwa na 5 za maoni, wakaambiwa watenganishe. Angalieni vizuri: hawakuulizwa kama sentensi ni sahihi, waliulizwa ni ya aina gani. Waliopata zote 5 za ukweli walikuwa asilimia 26. Waliopata zote 5 za maoni walikuwa asilimia 35. Moja ya zile za maoni ilikuwa kwamba demokrasia ndiyo mfumo bora kuliko yote wa serikali. Hebu fikirieni wangapi humu jamvini wangeiita ukweli. Na kilichonigusa mimi: watu walielekea kuita "ukweli" kile kilichoipendelea kambi yao. Kwa hiyo lebo haimkuti msomaji akiwa mtupu, inamkuta keshachagua timu.

American Press Institute nao mwaka huo huo waliuliza maneno ya chumba cha habari. Karibu nusu ya watu hawakuwa na habari ya kutosha na hilo neno "op-ed". Miaka karibu 50 limechapishwa!

Sasa kuhusu imani yenyewe. Center for Media Engagement ya Chuo Kikuu cha Texas pale Austin walijaribu lebo za habari, maoni, uchambuzi na tangazo la kulipiwa. Karibu nusu ya washiriki hawakugundua kama kulikuwa na lebo, na wengi waliosema wameiona hawakukumbuka vizuri ilikuwa ipi. Imani haikupanda kwa sababu ya lebo. Ila katika jaribio lao jingine waliweka kisanduku kinachoeleza gazeti limeipataje habari hiyo na kwa nini limeamua kuiandika. Hapo wasomaji wakalipa gazeti alama za juu zaidi.

Kwa hiyo jibu la swali lako, kwa ushahidi nilionao: neno peke yake halijengi imani. Maelezo yanaweza.

#5 Ngoja Waje

Usicheke Wamarekani na op-ed yao. Babu yangu mdogo, mwalimu mstaafu wa darasa la 3, alikuwa anaamini TAHARIRI ni TAHADHARI. Kila asubuhi anasoma kile kisanduku kwanza, anasema nchi ina hatari kila siku.

#6 Meza ya Magazeti

Wanangu, nimeuza magazeti tangu yakiuzwa shilingi 50. Kalamu umeandika vizuri ila hapo kwenye "zamani" umepaka sukari.

Mimi kila alfajiri napanga magazeti chini, juu nayawekea mawe yasipeperuke. Mpaka saa 2 nimezungukwa na watu 20, 30. Wanaonunua ni 4. Wengine wanasoma vichwa vya mbele wamesimama, mikono mgongoni, wanabishana, wanakwenda kazini. Huo ukurasa wako wenye katuni na picha ya kidevu hawajawahi kuufungua maishani. Kichwa cha mbele ndiyo gazeti lao. Kwa hiyo WhatsApp haikuanzisha kitu, imeichukua meza yangu ikaitia mfukoni.

Halafu redio. Saa 12 asubuhi mtangazaji anasoma magazeti hewani. Anasoma kichwa, anacheka, anatia neno lake, mwenzake anatia lake, wanahamia gazeti lingine. Mwenye bodaboda anaondoka na kitu kimoja: "gazeti limeandika". Lipi la mwandishi, lipi la mhariri, lipi la mtangazaji? Uji umeshachanganywa na maziwa na ndimu.

Na la mwisho, msinichukie. Mnahangaika na lebo ya maoni kwenye makala ya maoni. Mbona hamuweki lebo kwenye habari? "Apokelewa kwa kishindo". "Atema cheche". "Awavua nguo wapinzani". "Wananchi wafurika". Nani kapima kishindo? Watu wangu pale mezani hawajaacha kuyaamini magazeti kwa sababu ya mwandishi wa safu, huyo wanamjua ana mdomo wake. Wameacha kwa sababu ya hiyo "wafurika", na wao walikuwepo uwanjani wakaona viti vitupu.

#7 Kalamu ya Risasi

Shikamoo mzee. Umenipiga mahali penyewe.

Kweli, nimekumbuka ya zamani kama mtu anayekumbuka chakula cha nyumbani. Na kuhusu "wafurika", nakiri, nimeziandika hizo kwa mikono hii. Kichwa kisicho na moto hakibofywi, na asubuhi bosi anaangalia mibofyo.

Ila nikubishie kidogo kwa heshima. Ukiwa umezoea kuweka maoni ndani ya habari, basi kubandika MAONI kwenye makala nyingine kunatia chumvi kwenye kidonda, maana unamwambia msomaji kwamba zile zisizo na kibandiko zote ni ukweli mtupu. Kibandiko kimoja kinatoa ahadi kwa kurasa zote zisizobandikwa. Hili sikuwahi kulifikiria nikiwa kazini.

#8 Pwani Kwetu

Hamjambo watu wa bara na visiwani. Mimi niko Mombasa.

Mbona mwasumbuka na kisanduku cha kijivu ilhali dawa iko? Gazeti la Taifa Leo huku kwetu wamezoea kutanguliza neno ndani ya kichwa chenyewe. TAHARIRI, kisha nukta mbili, kisha kichwa. Ama MAONI. Ama hata jina la mwandishi wa safu kwa herufi kubwa. Sasa hiyo ukiituma WhatsApp, ukiisoma redioni, ukiipiga skrinshoti, neno lasafiri nayo. Halikai kwenye pambo la tovuti, limo ndani ya sentensi. Lau lile la mama lishe lingekuwa "MAONI: Halmashauri isamehe ushuru", wewe Kalamu mwenyewe usiku ule usingeligusa.

Jambo la pili. Mwaona ile ripoti ya kila mwaka ya Reuters Institute ya Oxford? Ya 2024 ilisema Kenya watu wanaoamini habari kwa jumla ni asilimia 64, wakati wastani wa nchi zote 47 ulikuwa asilimia 40. Watu wakashangilia sana huku. Lakini soma maandishi madogo: waliohojiwa Kenya ni watumiaji wa mtandao wanaosoma Kiingereza, umri wa miaka 18 hadi 50. Afrika nzima zilikuwa nchi 4: Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Morocco. Msomaji wa Taifa Leo hakuulizwa. Tanzania ndiyo haimo. Kwa hiyo tunapobishana kuhusu imani ya msomaji wa Kiswahili, twabishana kwa kubahatisha, na mimi pia nimo.

#9 Mgeni Mwenyeji

Wengine hawabandiki makala, wanajibandika wenyewe. "Maoni ni yangu binafsi, si ya mwajiri." Mwandishi kaiweka kwenye wasifu wake X, anaona kamaliza.

Gary Lineker Machi 2023 aliandika kwenye akaunti yake mwenyewe kuikosoa sera ya waomba hifadhi ya serikali ya Uingereza. Mtangazaji wa mpira yule, si wa siasa. BBC wakamwondoa hewani, wenzake wakagoma, Jumamosi ile kipindi chao cha mpira, Match of the Day, kikaenda dakika 20 bila mtangazaji wala mchambuzi. Nani alijali akaunti ni ya nani? Uso ni ule ule.

#10 Wakili wa Kijiji

Nawasalimu. Nimesoma kichwa cha uzi, "mwavuli wa mhariri". Niwaambie ukweli: mwavuli wenyewe unavuja.

Katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza kuna utetezi wa maoni ya haki kwenye kesi za kashfa. Lakini mahakama haiangalii kibandiko. Inaangalia kama maneno yenyewe ni maoni, kama yamesimama juu ya mambo ya kweli, na kama jambo linahusu umma. Ukiandika MAONI halafu ndani ukasema fulani kaiba, umesema kaiba.

Mfano ninaoupenda unatoka Marekani, ambako ulinzi wa waandishi ni mkubwa kuliko kwetu. Ohio, miaka ya 1970, timu za mieleka za shule zilipigana ukumbini, kukawa na kesi. Mwandishi wa safu ya michezo akaandika kwamba kila aliyekuwepo anajua moyoni kuwa kocha Milkovich alidanganya chini ya kiapo. Gazeti likajitetea: ni safu, ni maoni. Kesi ikazunguka miaka na miaka mpaka Mahakama ya Juu ya nchi, na mwaka 1990 majaji wakakataa kwamba kuna kinga ya jumla kwa kila kinachoitwa maoni. Kusema "kwa maoni yangu fulani ni mwongo" kunabeba dai la ukweli linaloweza kuthibitishwa au kukanushwa.

Kwa hiyo bosi wako aliyesema "lebo si ilikuwepo" alikuwa anajifariji tu. Na wewe ulichofanya hakikuwa hata maoni tena, ulishageuza kuwa taarifa.

#11 Kalamu ya Risasi

Wakili asante, japo umenirudisha usiku ule.

Pwani Kwetu, hilo la kutanguliza neno kwenye kichwa nililipendekeza baada ya sakata. Tulilifanya miezi michache. Likaondolewa, kwa sababu "MAONI" inakula herufi 5 za kichwa, na mtu wa masoko akasema makala zenye neno hilo hazibofywi. Sikupewa takwimu, nilipewa kauli.

Sasa nilete kisa ninachokiona kikubwa kuliko vyote, maana kinaonyesha lebo ikipotea njia upande wa pili.

Los Angeles Times linamilikiwa na Patrick Soon-Shiong, daktari bilionea, tangu 2018. Machi 2025 aliwaandikia wasomaji barua. Akasema andiko lolote lenye msimamo, au lililoandikwa kwa mtazamo binafsi, liwe kwenye safu za maoni au kwingineko, litabandikwa "Voices", yaani sauti. Mpaka hapo mimi nampigia makofi. Ila chini ya makala hizo akaongeza kitu kinachoitwa "Insights". Akili mnemba inasoma makala, inaipangia upande wa kisiasa, kushoto, kati kuelekea kushoto, katikati, hivyo mpaka kulia. Inafupisha hoja za mwandishi, halafu inaandika hoja za upande wa pili.

Chama cha wafanyakazi wa gazeti kikasema mapema kwamba uchambuzi wa mashine usiopitiwa na wahariri hautaongeza imani ya watu. Hata siku 2 hazikupita. Mwandishi wao wa safu Gustavo Arellano alikuwa ameandika kuhusu miaka 100 tangu wakazi wa Anaheim wawang'oe madiwani wa Ku Klux Klan, kundi la wabaguzi weupe, kwenye baraza la mji. Mashine ikatimiza wajibu wake wa kutafuta "upande wa pili". Ikaandika kwamba baadhi ya simulizi za mji ule huwaona Klan wa miaka ya 1920 kama zao la utamaduni wa Waprotestanti weupe wakikabili mabadiliko ya jamii, kuliko kundi la chuki. Kelele zikapigwa, maelezo yakaondolewa kwenye makala hiyo.

Oneni tofauti. Ukisema "haya ni maoni", unamweleza msomaji aina ya chakula: huu ni mchuzi, si uji. Ukisema "haya ni ya mrengo wa kushoto", unamweleza mpishi ni kabila gani. La kwanza linamsaidia mtu kusoma. La pili linamsaidia kuamua asisome. binti_takwimu katueleza kwamba watu huita ukweli kile cha kambi yao. Sasa gazeti lenyewe linampa msomaji rangi ya jezi kabla hajasoma sentensi ya kwanza.

#12 binti_takwimu

Hapo kwenye jezi nakuunga mkono, ila usiwe mkali sana kwa mashine. Kuna wasomaji wanataka kweli kujua mwandishi anasimama wapi. Mimi mmoja wao. Nikimsoma mchumi anasema kodi ipunguzwe, nataka kujua kama anailipa.

#13 Kalamu ya Risasi

Sawa, lakini hilo ni la mwandishi kusema mwenyewe, kwa mstari mmoja chini ya jina lake. "Mwandishi ana duka la jumla Mwanza na ni mwanachama wa chama fulani." Binadamu mwenye jina anajieleza, na akidanganya tunajua wa kumuuliza.

#14 Ngoja Waje

Tukubaliane jina kwanza basi. MAONI naelewa. TAHARIRI babu haelewi. MAKALA ni kila kitu, hata wasifu wa marehemu ni makala. UCHAMBUZI ndiyo umekufa kabisa, siku hizi mwenye maikrofoni na jezi ni mchambuzi.

#15 Meza ya Magazeti

Andikeni "Fulani anasema". Jina lake, kisha "anasema". Babu atalielewa, mama lishe atalielewa, mtangazaji akisoma hewani hana pa kulikwepa. Tena halihitaji kisanduku.

#16 Kalamu ya Risasi

Mzee, hilo ningelipata usiku ule lingeokoa benchi mbili. "Anasema" hata mtu mwenye usingizi hawezi kuligeuza.

#17 Wakili wa Kijiji

Mahakamani pia ni bora kuliko MAONI, ingawa kashfa inabaki kashfa.

#18 Pwani Kwetu

Na makala ya zamani je? Guardian la Uingereza tangu 2019 huweka mwaka kwenye picha ya makala za kale mtu anapozishiriki, ili watu wasizirushe kama za leo. Lile la mama lishe lina tarehe?

#19 Kalamu ya Risasi

Tulirekebisha kichwa kwenye tovuti siku ile ile, kabla ya adhuhuri. Ukifungua linki leo utakuta "isamehe".

#20 Mgeni Mwenyeji

Kaka, usinichukie. Nimetafuta kwenye simu. Skrinshoti ya kichwa hicho iliingia kwenye grupu letu la wafanyabiashara wa soko wiki iliyopita. Jina la gazeti lipo, picha ya sufuria ipo. Tarehe imekatwa. Imeandikwa "yasamehe".

#21 Kalamu ya Risasi

Kuna aliyejibu?

#22 Mgeni Mwenyeji

Katibu wa soko kaweka dole gumba. Wawili wameuliza inaanza lini.

#23 Kalamu ya Risasi

Nitumie namba ya katibu inbox. Nampigia sasa hivi, kabla mkusanya ushuru hajapita kesho asubuhi.